Shaba Isiyoandikwa

Nimefundisha kemia miaka kumi na tisa hapa Lubumbashi, na jambo hili sijalisema hata kwenye kitubio. Kwa padri nimeungama hasira zangu, nimeungama ulimi wangu, nimeungama hata siku niliyomzaba kofi shemeji yangu mbele ya wageni. Hili la shaba kila mara nililiruka. Nalisema hapa, nalisema lote, na mwenye kutaka kunicheka anicheke tu.

Shule yetu iko Kampemba. Ni shule ya ufundi, na mimi ndiye mwalimu wa wale wanaosomea kemia ya viwanda, section yetu kama tunavyoiita. Watoto hawa wakifika mwaka wa mwisho hawafanyi mtihani wa karatasi peke yake. Kuna siku wanakuja watu wa juri kutoka nje ya shule, na kila mwanafunzi anapewa chupa ndogo ya maji ambayo hajui yamebeba nini. Kazi yake ni kutafuta humo ndani kuna metali gani, kuna chumvi gani, na kuandika. Chupa hiyo sisi tunaiita mgeni. Anayeshindwa kumtambua mgeni wake hapati diploma, hata kama kwenye hesabu na Kifaransa aliwashinda wote.

Sasa, ili umjue mgeni unahitaji maji yasiyo na kitu chochote, maji yaliyochemshwa yakawa mvuke, mvuke ukapozwa ukarudi kuwa maji. Chombo cha kioo cha kufanya kazi hiyo kilivunjika kabla mimi sijafika. Prefe wetu, yaani mkuu wa shule, akamwita fundi wa friji wa hapo sokoni. Fundi akatwaa sufuria ya presha, akatoboa mfuniko, akachomeka bomba alilolitoa nyuma ya friji iliyokufa, akalizungusha mizunguko saba ndani ya ndoo ya maji baridi. Tukawasha makala kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa, na upande wa pili yakaanza kudondoka maji, tone kwa tone. Prefe alifurahi mpaka akapiga picha na simu yake.

Bomba la friji ni shaba. Niambie wewe, katika mji huu mzima ungempata wapi fundi anayeambiwa tafuta bomba, asichukue shaba? Hata mimi mwenye diploma ya chuo kikuu nilisimama pale nikapiga makofi.

Wiki ile ile niliona matatizo. Kuna dawa ya kutafutia shaba, inaitwa ferosianuri, ina rangi ya manjano hafifu. Unatia matone mawili ndani ya mrija wako. Kama hakuna shaba, manjano inabaki manjano. Kama shaba iko, inageuka nyekundu ya kahawia, na ikiwa nyingi inaganda na kushuka chini kama masimbi ya kahawa. Nilitia dawa katika maji yetu peke yake, maji yaliyotakiwa kuwa matupu, yakageuka rangi ya chai ya mgonjwa. Mvuke wa moto ulikuwa unapita ndani ya bomba na kubeba shaba kidogo kidogo. Nikaenda kwa Prefe nikiwa nimeshika mrija mkononi.

“Prefe, hii maji iko na shaba.”

Akaangalia mrija, akaangalia mlango. “Madame, hapa kwetu kintu gani haina na shaba? Udongo iko na shaba, vumbi iko na shaba. Tutatafuta ingine mwaka yenye kuya. Lakini hii mambo usiipeleke kwa bantu ya inje, banaweza kutufungia section.”

Mwaka yenye kuya ulikuja, ukaenda, ukaja mwingine.

Mwanzoni nilifundisha inavyopasa, na hilo nalitetea mbele ya yeyote. Niliwaambia watoto: kwanza fanya jaribio tupu, essai à blanc, maji peke yake na dawa, uone rangi yake. Halafu fanya mgeni wako. Kama rangi ya mgeni ni ile ile ya maji, basi shaba ni ya bomba, usiiandike. Kama ni nzito kuliko ya maji, iandike. Ni jambo rahisi kama una darasa la watoto kumi na mirija ya kutosha. Darasa likajaa. Mirija ikavunjika. Dawa tukaanza kuipima kwa tone, na kila jaribio tupu lilikula matone mawili ya bure. Watoto wakabishana siku nzima kuhusu nzito na nyepesi, na mimi kichwa kinaniuma, na nje wanapiga kengele. Siku moja nikagonga meza kwa kiganja nikasema, “Basi! Shaba ni ya bomba. Haiandikwi. Tumemaliza.”

Tukamaliza kweli. Ili nisijikanganye mwenyewe, niliacha kabisa kutia shaba katika wageni niliowatengeneza. Watu wa juri wa miaka ile walikuja mikono mitupu, wakatumia wageni wetu na maji yetu, wakala kuku wa Prefe, wakaenda zao. Miaka sita mfululizo, katika mji ambao kila familia imekula ugali wa shaba, hakuna mtoto wangu hata mmoja aliyeandika neno shaba kwenye karatasi ya maabara. Na wote walikuwa wanapata alama nzuri! Ndiyo ujue jinsi mtu anavyoweza kuzoea upuuzi.

Sasa nikuambie habari za yule binti.

Alikuwa anatoka Annexe, pembezoni mwa mji, kwa miguu, saa kumi na moja alfajiri yuko njiani, na akifika viatu vyake vina vumbi jekundu lakini kola ya shati nyeupe pe. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kukaa benchi la mbele kabisa. Watu wake, kama watu wangu, walishuka kutoka kaskazini ya Katanga zamani kwa kazi ya reli, na kwa hiyo nilimpenda kidogo kupita wenzake, ingawa sikumwonyesha. Mwaka uliotangulia malaria ilimlaza hospitali siku zile zile za mtihani. Hii ilikuwa mara yake ya pili, na baba yake mdogo aliyemlea alikuwa ametamka wazi mbele ya familia kwamba hakuna ya tatu: diploma mwaka huu, au aache shule, wadogo zake nao wapate nafasi. Yeye alikuwa anaitaka Kasapa, kwenye chuo kikuu chetu. Aliitaka kemia ya chuo kikuu, akaitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuisumbua.

Na alikuwa ananisikiliza. Mungu wangu, alivyonisikiliza! Wale wa nyuma walikuwa wanaandika nusu ya ninachosema na kuchora nusu nyingine. Yeye aliandika kila neno. Nikikohoa, nadhani aliandika kikohozi. Katika kaye yake, yaani daftari lake la maabara, ukurasa wa kwanza, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu na kupiga mstari wa rula: Shaba haiandikwi.

Asubuhi ya juri nilifika mapema, nikafuta meza za simenti mara mbili, nikapanga mirija. Maji yetu ya bomba la friji nilikuwa nimeyajaza katika madumu matatu. Wageni nilikuwa nimewatengeneza tangu juzi. Nilikuwa na wasiwasi wa kawaida tu, ule wa kila mwaka, wa kuhesabu vibiriti na kuvihesabu tena.

Gari likaingia. Wakashuka wawili: rais wa juri, inspekta mzee mfupi ambaye sikuwahi kumwona, amevaa miwani yenye kamba shingoni, na kijana mhandisi wa maabara ya mgodi. Kijana akafungua nyuma ya gari, akaanza kushusha sanduku, halafu madumu.

“Papa, hii ni nini?” nikauliza.

“Maji ya distille, Madame, ile ya mvuke,” inspekta akanijibu kwa furaha. “Tumetoka nayo kwetu. Na bale bageni, tumetoka nabo. Yenu mwaka huu inaweza kupumuzika.”

Nilitabasamu, kwa sababu uso unajua kazi yake hata kama moyo haupo. Nikasema karibuni. Wakati naongea nilikuwa nafikiri jambo moja tu: watu wawili wa mji huu wa shaba, mmoja wao wa mgodi, wametengeneza wageni. Je, wanaweza kuacha shaba?

Tukaenda ofisini kwa Prefe. Inspekta akanywa maji, akafuta miwani, akanigeukia mimi. Namkumbuka alivyoniangalia, kwa heshima, bila ubaya wowote.

“Madame, mbele tuanze, iko kintu napashwa kujua juu ya labo yenu? Kintu chenye kinaweza kusumbua batoto?”

Mlango ulikuwa huo, umefunguliwa wazi. Ningesema maneno tisa tu: Papa, niliwafundisha wasiandike shaba, nipe dakika moja nizungumze nao. Prefe alikuwa amekaa nyuma ya inspekta, upande wa kuume, na alikuwa ananikazia macho. Nikafikiri section itafungwa. Nikafikiri nitaitwa mjinga mbele ya kijana wa miaka ishirini na saba. Hilo la pili ndilo lililonifunga mdomo, siwezi kukudanganya.

“Apana, Papa,” nikasema. “Yote iko bien.”

“Muzuri. Nipe makaye yao yote ya labo ya mwaka, tuangalie.”

Nikampa. Mikono yangu mwenyewe ilibeba rundo lile mpaka mezani.

Mwalimu wa darasa haruhusiwi kuingia wakati wa kazi. Nilikaa kwenye benchi la koridoni, chini ya dirisha la maabara, dirisha lenye waya badala ya kioo. Ukinyoosha shingo unaona meza mbili za mbele. Sikukaa hata dakika tano. Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nilitoa rozari, nikafika Salamu Maria ya tatu nikagundua kwamba mdomoni nasema majina ya metali.

Nilijipa moyo. Labda wametia risasi. Labda chuma. Mgodi una vitu vingi, si lazima shaba! Nikamwona mvulana mmoja wa nyuma, mtundu ambaye mwaka mzima hakuwahi kunisikiliza, amekuja mbele kuchukua dawa ya manjano. Akatia matone mawili katika mrija wake. Mrija ukageuka papo hapo, kahawia nzito, ikaanza kuganda. Haikuwa chai ya mgonjwa hata kidogo. Ilikuwa shaba tele, ya kumwonyesha kipofu. Yule mtundu akatabasamu, akainama, akaandika. Kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa mtoto asiyesikia.

Halafu binti yangu akanyanyua mrija wake.

Alitia tone moja, akasubiri, akatia la pili. Ukageuka. Niliona mabega yake yakisimama. Akauweka mrija kwenye kibao, akaweka kalamu chini, akaufunga mkono mmoja ndani ya mwingine. Andika, nikasema moyoni. Andika, mama, andika, nakuomba. Hakuandika. Alikuwa anauangalia mrija kama mtu aliyepewa barua isiyo yake.

Hapo nilifanya jambo la aibu. Nilichana kipande cha boksi la chaki, nikaandika herufi kubwa: SHABA IANDIKWE. Nikakikunja kikawa kidogo kama punje ya hindi. Nilikuwa nimeinua mkono mpaka kwenye waya. Kule ndani inspekta akageuka, akapita karibu, akasimama hatua mbili kutoka kwangu akiwa amenipa mgongo. Niliona kamba ya miwani yake na jasho la kola. Nikafikiri: akikiokota hiki, si mimi nitakayefutwa, ni binti. Nikashusha mkono. Nikaingiza karatasi ile mdomoni, nikaitafuna, nikaimeza. Ndiyo, mwalimu mzima, mama wa watoto wanne, nimesimama koridoni natafuna boksi la chaki.

Nilipochungulia tena alikuwa amechukua mrija mwingine, ametia ndani yake maji ya juri peke yake, na dawa. Jaribio tupu! Nilitaka kupiga vigelegele. Nilikuwa nimelitaja mwanzoni mwa mwaka, kama habari za kale, halafu sikulirudia. Na yeye alikuwa amelihifadhi. Mrija ulibaki manjano. Akaiweka miwili sambamba, wa manjano na wa kahawia, akaiangalia muda mrefu. Sasa amejua, nikasema. Sasa hata akitaka kukosa hawezi. Nikakaa kwenye benchi, nikafuta jasho kwa kitambaa cha kichwa, nikapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Karatasi zikakusanywa. Watoto wakatoka wakipigiana kelele koridoni. “Iko shaba, ya kweli!” “Miye sikuandika, Madame alikataza!” “Weye mujinga, ile ilikuwa ya bomba!” Kila neno lilinichoma. Kisha inspekta akatoa kichwa mlangoni, akatangaza kwamba mchana kila mmoja atarudi mbele ya juri kutetea kazi yake kwa mdomo, na kwamba mwenye kukosa metali kwenye karatasi aweke matumaini yake huko, kwa sababu karatasi yake imekwisha kuanguka.

Nikamvuta binti pembeni, nyuma ya tangi la maji.

“Niliona. Ulifanya essai à blanc.”

“Ndiyo, Madame. Na maji yao. Haikubadirika.”

“Basi ulijua shaba iko.”

“Nilijua.”

“Ukaandika.”

Akaangalia viatu vyake. “Apana.”

“Juu ya nini? Juu ya nini, weye mutoto?”

“Balikamata makaye yetu yote, Madame. Beko banasoma. Kama miye naandika shaba, batafungua kaye yangu, batakuta kwa ukurasa ya kwanza vile niliandika. Batauliza nani alitufunza vile. Batakufukuza.”

Alisema bila kulia, bila kunilaumu, kama mtu anayetoa taarifa. Na mimi, badala ya kumkumbatia, nilimfokea. Nilimwita mjinga. Nilimwambia nani kakutuma, mimi ni mama yako? Nilimwambia baba yako mdogo anakungoja nyumbani na neno lake, na wewe unakaa kumlinda mtu mzima mwenye mshahara! Yeye alisimama, akasikiliza yote mpaka mwisho, kama alivyozoea. Laiti angalikuwa na kalamu, angaliandika.

“Mchana utasema,” nikamwambia. “Utasema yote, umenisikia? Hata mimi nikifukuzwa. Na kama wewe hausemi, miye nitasema.”

“Ndiyo, Madame,” akasema.

Mchana ulikuwa wa joto, wakaacha mlango wazi. Benchi langu lilikuwa hapo hapo, hatua nne kutoka mlangoni. Nilisikia kila mtoto akiingia na kutoka, na kila mara nilijiinua kana kwamba ni zamu yangu. Wa tisa akawa yeye. Mwisho wa koridoni, kwenye mlango wa ofisi, Prefe alikuwa amesimama mikono nyuma.

“Huyu iko na kaye nzuri kupita yote,” nilimsikia inspekta anamwambia mwenzake. Kisha akamgeukia binti. “Mama, mu chupa yako mulikuwa kalsiamu, klori, na shaba. Kalsiamu uliandika. Klori uliandika. Shaba haukuiona?”

“Niliiona, Papa.”

“Uliiona?”

“Ndiyo, Papa. Nilitia ferosianuri, ikakuya kahawia. Nikafanya essai à blanc na maji yenu, ikabakia manjano. Nikajua iko ya mugeni, haina ya maji.”

Nilisikia karatasi zikipinduliwa.

“Hiyo ni kazi ya muntu mwenye akili. Lakini juu ya nini haukuandika?”

Sasa, nikajiambia. Nikasimama. Nakuapia nilisimama, mkono mmoja kwenye ukuta. Prefe akaniona kutoka kule mwisho, akatikisa kichwa mara moja, taratibu, kulia na kushoto. Hatua nne tu. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni, nilikuwa nimeifanyia mazoezi tangu saa sita: Papa, kosa ni langu. Niliisikia kichwani kwa sauti yangu mwenyewe. Miguu haikwenda.

“Nilisahau, Papa,” binti akasema. “Ni kosa yangu.”

“Ulisahau. Na hapa, mu kaye yako, mwanzo... uliandika ‘shaba haiandikwi’. Hii njo nini?”

Nikafumba macho.

“Ni miye nilijiandikia,” akajibu. Sauti yake haikutikisika. “Ile tuyo yetu, ile bomba ya friji, inatoa shaba mu maji, Papa, basi ile ya maji haiandikwe. Madame alitufunza kufanya essai à blanc ju ya kuitoa. Njo vile nilijua leo.”

“Aa,” inspekta akasema. “Basi Madame anafunza muzuri.”

Nikakaa. Nilikaa taratibu sana ili benchi lisilie. Ndani waliendelea na maswali mengine, akayajibu yote, na mimi sikusikia hata moja. Alipotoka alipita mbele yangu akaniinamia kichwa kidogo, kama mtu anavyomsalimu mkubwa wake, akaenda kuchukua mfuko wake.

Watu wa juri waliondoka na makaye yetu. Mwaka ule hawakufunga section, na hakuna aliyeniuliza neno. Ila wiki zile za kungoja matokeo, ndugu yangu, simtakii hata adui. Nilikuwa naunguza ugali. Mume wangu akadhani ninaumwa presha. Kila niliposikia simu inalia nilifikiri ni habari zake, kwamba kwa ajili ya metali moja ameanguka, na metali hiyo niliimeza mimi pamoja na karatasi ya chaki. Nilipiga hesabu za alama zake mpaka nikaziota: karatasi imeanguka, mdomo labda umemwinua, haitoshi, labda inatosha. Mara tatu nilivaa nguo niende Annexe nikamwambie baba yake mdogo ukweli kabla matokeo hayajatoka. Mara tatu nilifika kituo cha taksi nikarudi kununua mboga.

Matokeo yakatoka siku ya kazi, kwenye simu. Nikatafuta namba yake huku kidole kinateleza kwa jasho. Alipita. Alipita kwa alama za chini kabisa darasani, yeye aliyekuwa wa kwanza. Yule mtundu wa nyuma alimzidi mbali. Nikakaa chini kwenye sakafu ya jikoni nikalia kwa sauti, watoto wangu wakakimbia kuniangalia.

Siku ile ile, mchana, nilisikia nyimbo barabarani. Nikatoka kwenye ua. Alikuwa anakuja na familia nzima: mama yake, baba yake mdogo, wadogo zake wanapiga masufuria, na yeye katikati amemwagiwa poda nyeupe kichwani, usoni, mabegani, kama wanavyomwagiwa wote wanaopita mtihani. Macho yake tu ndiyo yalionekana. Baba yake mdogo alikuwa ameshika kuku miguuni. Mama yake alifika mbele yangu, akapiga magoti kwenye changarawe, akapiga makofi ya heshima, kama wanavyofanya watu wetu wa kaskazini.

“Madame, aksanti. Aksanti mingi. Mwanangu alituambia yote. Alisema, bila weye hangepita.”

Nilimwangalia binti. Alikuwa ananiangalia pia, na katika macho yale sikuona dharau wala huruma. Hapo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho, na hakukuwa na Prefe, hakukuwa na inspekta, hakukuwa na section ya kufungwa. Kulikuwa na mama mmoja amepiga magoti kwa ajili yangu. Nikafungua mdomo.

“Haiko kitu, Mama,” nikasema. “Simama. Karibuni ndani.”

Basi binti akasogea, akatoa kopo la poda kwenye mfuko wake. “Madame naye alipita,” akawaambia waliokuja naye, nao wakapiga vigelegele. Alikuwa mrefu kunizidi, lakini alingoja mpaka mimi mwenyewe nishushe kichwa.

Nikainama, nikapakwa.